Nani Atampigia Daudi Kinubi?

Masomo ya leo ni 1 Samweli 16:14-23, 1 Samweli 18:10-11 na 1 Wafalme 19:4-13. Mfungue Biblia zenu, maana sisi hatutayasoma yote, tutayaeleza tu.

Habari ya Sauli na Daudi tumeihubiri mara nyingi. Mfalme anasumbuliwa, watumishi wanamtafutia kijana ajuaye kupiga kinubi, kijana anapiga, mfalme anapata nafuu. Tukifika hapo tunasema Amina, kisha tunaiambia kwaya isimame iimbe. Lakini tusonge mbele sura mbili. Daudi anapiga kinubi kama siku zote, na Sauli ana mkuki mkononi. Anautupa ili amchome Daudi ukutani, na Daudi anakwepa mara mbili. Basi hapo pana swali ambalo sisi wachungaji hatukuwa tunaliuliza. Kila siku Daudi anampigia mfalme. Nani anampigia Daudi?

Swali hilo lilitufikia kwa njia ya aibu. Katika kanisa letu kuna mama mmoja mtunzi wa nyimbo. Miaka mingi kwaya zetu tatu zimeimba nyimbo zake, na nyingine mmezisikia hapa redioni. Mbele ya kongamano la mwaka jana tulimwomba wimbo mpya kwa kila siku ya kongamano. Tukamwomba mwingine wa ndoa, na mwingine wa mazishi, na huo wa mazishi tulimwomba jioni, maziko yakiwa kesho yake. Hakukataa hata mmoja. Kongamano likaisha, na yeye akaacha kuja repetisio. Tulidhani amekwazwa na mtu. Wengine kati yetu walisema ni roho ya uzito, basi tukaenda nyumbani kwake tukaomba kwa nguvu, kila mtu kwa sauti yake. Tulipomaliza alituandalia viti tena, akasema kwa upole: “Wachungaji, asante kwa maombi. Lakini masikio yangu yamechoka. Nikisikia piano tu, tumbo linanikaza. Na nikitafuta wimbo ndani yangu, hakuna kitu.”

Tulirudi nyumbani bila kuongea njiani.

Hali hiyo ina jina duniani. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika juu ya watu waliojitolea kusaidia katika kliniki ya bure, pale alipotumika yeye mwenyewe. Aliona kwamba wale waliokuja na moyo mkubwa ndio walioungua ndani kwa ndani. Na mwaka 2019 OMS iliieleza kuwa ni hali inayotokana na kazi: mtu anaishiwa nguvu, moyo wake unakaa mbali na kazi yake, tena anajiona hafanyi kitu cha maana. Mama yetu hakusoma karatasi ya OMS, lakini alitueleza yote matatu kwenye mlango wake.

Tukaanza kutafuta namna ya kumpigia Daudi kinubi. Tena tukaona Elisha naye, katika 2 Wafalme 3:15, kabla ya kunena aliomba aletewe mpiga kinubi. Nabii mzima! Hakuona aibu kuomba.

Mara ya kwanza tulikosea. Jumamosi moja tuliwaita watunzi, waimbishaji na wapiga gita ukumbini, tukaweka bafle mbili kubwa, kijana akapiga piano polepole, na mmoja wetu akaongea juu yake maneno ya kutia moyo. Haikupita dakika kumi, mpiga gita akaanza kurekebisha nyuzi zake, na mama wa sauti ya kwanza akamsahihisha wa sauti ya pili. Ilikuwa repetisio iliyokosa jina tu.

Basi tukaondoa vyombo vyote, na nyimbo, na mahubiri. (Kuondoa mahubiri ndiko kulikotuuma zaidi.) Tuliwatuma vijana na simu zao wakanase sauti za kila siku: maji ya ziwa yakigusa mawe asubuhi, ufagio uani, mvua juu ya mabati, mama akitwanga sombe kinuni. Kila anayekuja anapewa kitu kidogo cha mkononi: mawe mawili, au kopo lenye maharagwe machache. Sauti ikicheza, anayetaka anaijibu kwa mkono wake, au kwa kuguna tu bila maneno. Asiyetaka anakaa. Kijana wa mashine anawatazama watu. Majibu yakipungua, anapunguza. Mikono ikifuata mchi, anauacha mchi uendelee. Hivyo ni sauti inayowafuata watu. Hakuna anayesahihishwa, na hakuna anayenaswa, kwa sababu mtunzi akijua ananaswa anaanza kutunga.

Jambo moja hatukuliwaza. Mvua ya kwanza tuliyoinasa ilikuwa na ngurumo. Ilipopiga, mama mmoja aliyekimbia kijiji chake na watoto usiku alisimama akatoka nje akitetemeka. Tulizima yote, tukakaa naye uani hadi jioni. Toka siku hiyo mvua yetu haina ngurumo, kila sauti tunaitaja jina kabla haijacheza, na mlango unabaki wazi.

Tunaanza na chai na mandazi. Hilo tulijifunza kwa Eliya. Alipolala chini ya mti akiomba afe, malaika hakumletea kwanza mafundisho. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena. Sauti ile ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani.

Mzee mmoja alituuliza kama hii si yoga imeingia kanisani. Swali lake ni zuri na hatukumkasirikia. Tulimjibu kwamba hatuiti roho yoyote, wala hatumwagi akili zetu. Tunaanza kwa sala fupi, kisha tunasikiliza mvua ambayo Mungu ameileta. Alikuja Jumamosi iliyofuata. Alisinzia.

Kwa ninyi mlio mbali, redioni tuna simu mbili. Ukibipu ya kwanza unaomba maji, ukibipu ya pili unaomba kinu. Fundi anahesabu, na walio wengi ndio wanaopata. Haikuli kredi yako. Shida ilikuwa kimya: tulipoacha dakika mbili bila sauti, watu wakadhani kurenti imekatika, simu zote mbili zikalia pamoja. Sasa tunaacha ufagio kwa mbali ili mjue tupo.

Lakini tusijidanganye. Kinubi kilimpa Sauli nafuu, hakikumwondolea wivu. Na maji ya ziwa hayampunguzii mtunzi mzigo ikiwa sisi tutaendelea kumgongea mlango jioni. Asiyelala wiki nzima nzima aende pia kwa daktari. Na sisi tuliotwika, tutue. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji walikuwa 288, wakagawanywa kwa kura makundi 24, kila kundi watu 12. Biblia haisemi kwa nini Daudi alipanga zamu. Sisi tunawaza kwamba mtu aliyekwepa mkuki akiwa na kinubi mkononi alijua jambo. Basi toka mwezi huu kila kwaya yetu ina Jumapili moja ya kukaa na kusikiliza. Wimbo mpya unaombwa mwezi mmoja mbele, na mtunzi anaruhusiwa kusema hapana, hata kwa mchungaji.

Yule mama amekuja mara nne. Mara ya kwanza alishika mawe yake bila kuyagonga. Juzi aliomba kinu kirudiwe, akakijibu, akacheka na jirani yake. Hajatunga wimbo, nasi hatujamwuliza.

Tukutane Jumamosi saa tisa. Chai iko tayari saa nane na nusu.