Malori ya Misaada Yakishaondoka

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Jumapili ya tarehe 3 Desemba, 2023, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo makanisa mengi huanza kuhesabu majuma kuelekea Krismasi. Katika mji wa Katesh, wilayani Hanang, mkoani Manyara, ilikuwa bado alfajiri. Waumini wengi hawajatoka majumbani, baadhi hawajaamka. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na sehemu ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ilikuwa imeshiba maji. Ikaporomoka. Tope, mawe na magogo vikateremka kwa pamoja, vikapita vijijini, vikaingia mjini. Watu 89 walipoteza maisha.

Msaada ulikuja, na ulikuja upesi. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatiza safari yake akarudi nyumbani. Wanajeshi walifukua tope. Shule ziligeuzwa makambi. Watu wa dini zote walichanga unga, maharage, nguo na mablanketi. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika siku zile Hanang ilikuwa na marafiki wengi.

Leo sitaki kuzungumzia siku zile. Nataka kuzungumzia siku zinazofuata, malori yakishaondoka na kamera zikishafungwa, kwa sababu hapo ndipo imani ya Mkristo inapopimwa.

Jambo la kwanza linahusu ulimi. Kila yanapotokea maafa hajakosekana mtu wa kusimama na kusema kwamba watu wale wameadhibiwa kwa dhambi zao. Yalisemwa hayo hata baada ya tetemeko la ardhi la Bukoba la tarehe 10 Septemba, 2016. Anayesema hivyo hudhani anamtetea Mungu. Lakini afungue Injili ya Luka, sura ya 13. Pale Siloamu mnara uliwaangukia watu 18 ukawaua, na Yesu aliwakatalia waziwazi wale waliodhani kwamba marehemu walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Akawageuzia maneno wasikilizaji wake wajitazame wenyewe. Mama aliyezika watoto wake hana haja ya kuelezwa na mtu mwenye viatu vikavu kwa nini mlima umeanguka. Anahitaji mtu wa kukaa naye mkekani, na ikibidi kunyamaza naye.

Jambo la pili ni muda. Serikali, kwa kushirikiana na Chama cha Msalaba Mwekundu, iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret, zikakabidhiwa mwishoni mwa mwaka 2024. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji: kutoka Desemba hadi Desemba ni miezi 12. Katika miezi hiyo 12 mtu anakula, anaugua, anapeleka mtoto shule na anatakiwa kulima. Nani alikuwa naye mwezi wa nne? Nani alimbishia hodi mwezi wa saba?

Tunapenda sana kuhubiri habari za Msamaria mwema. Tunasifu mafuta na divai aliyomwagia majeruhi, tunamsifu punda aliyembeba. Tunapita haraka mwisho wa kisa. Msamaria yule alilipa dinari mbili kwenye nyumba ya wageni, kisha akamwahidi mwenye nyumba kwamba kama gharama itazidi, atailipa atakaporudi. Yaani alikuwa na nia ya kurudi. Huduma yake haikuishia barabarani. Wengi wetu tumeshamwaga mafuta na divai mara nyingi. Safari ya kurudi ndiyo inayotushinda.

Mchukue mama lishe aliyekuwa akiuza chai na maandazi karibu na barabara ya Babati kwenda Singida. Tope limemchukulia jiko, meza, sufuria na akiba yake yote. Ukimpa kilo tano za unga leo, amepona juma hili. Ukiendelea kumpa unga kila mwezi, umemfundisha kusubiri. Mpe sufuria mbili, jiko na mtaji mdogo, naye ataanza kuwalisha wengine. Mkulima naye anataka mbegu kabla mvua haijapita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mtu wa maafa jembe hilo ni heshima. Yuko pia mzee ambaye nyumba yake haikuanguka ila imejaa tope. Tope likikauka huwa gumu kama tofali. Huyo hahitaji hotuba. Anahitaji vijana kumi wa kwaya, machepe na toroli, kwa siku mbili. Na yuko aliyepoteza vyeti vyote, anayehitaji mtu anayejua kusoma na kuandika wa kufuatana naye ofisini mpaka jina lake lipatikane.

Jambo la tatu ni fedha. Kanisa la Antiokia lilipopata habari za njaa inayokuja, katika zama za Kaisari Klaudio, kila mwanafunzi alitoa kadiri ya uwezo wake, na michango ikapelekwa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Baadaye Paulo aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, wasingoje mpaka afike. Na fedha hizo hakutaka kuzibeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu. Kama Paulo aliona haja ya mashahidi, ni mchungaji gani wa leo, au mweka hazina gani, anayeudhika akiombwa daftari? Mchango wa maafa uhesabiwe na watu zaidi ya mmoja, uandikwe, usomwe mbele ya waumini: kiasi gani kimeingia, kimenunua nini, kimemfikia nani. Shilingi ya maafa ikipotea, anayefuata kupatwa na maafa ndiye atakayelipa, kwa kuwa watu watakuwa wamekata tamaa ya kutoa.

La mwisho ni hili. Hanang wapo Wairaki na Wabarbaig na wengine wengi. Wapo Wakristo, Waislamu na wanaoshika mila za mababu. Tope halikuuliza dini. Anayegawa blanketi naye asiulize. Msaada unaotolewa kwa sharti la kuhamia dhehebu la mtoaji umegeuka biashara. Na kumpanga mjane mbele ya kamera akiwa ameshika ndoo yenye jina la kanisa ni kumvua nguo kwa mara ya pili.

Basi, Jumapili ijayo, kabla ya ibada kwisha, ulizaneni katika usharika wenu au parokia yenu mambo matatu. Je, tunalo fungu la maafa, hata kama leo hakuna maafa? Ni akina nani wanaolitunza, na daftari liko wapi? Na wale tuliowasaidia mara ya mwisho, nani amekwenda kuwaona tangu hapo? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Swali hilo la tatu halidai utajiri wowote. Linadai nauli ya basi, na mtu mmoja aliye tayari kwenda.