Homa Isiyongoja Kukuche

Mtoto wa kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, akirudi nyumbani baada ya kupewa dawa za saratani ya damu (leukemia) katika Hospitali ya Muhimbili, hatari haijaisha. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi. Joto likifika nyuzi 38, wengi husema ni malaria, wakampa panadoli, wakangoja kukuche. Hapo ndipo maambukizi huua.

Malaria ipimwe, lakini antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa 1 tangu afike hospitali. Mzazi, weka kipimajoto nyumbani, beba cheti cha matibabu, na mwambie mhudumu mapema kwamba mtoto ana leukemia. Nayo Serikali ihakikishe antibayotiki hizo hazikosekani Kilosa na Mikumi, usiku na mchana.