"KOMPYUTA HAIKOSEI"
Maneno waliyoambiwa wanachama wa reli, Eldoret



Leo twasema habari za karatasi ya mshahara. Wengi wetu tukiona pesa zimepungua hugombana na karani, kisha twarudi kazini na hasira mikono mitupu.

Mwenzetu mmoja wa genge la njia alipata nyongeza. Barua ilisema shilingi 36,400, karatasi ya mshahara ikasema 34,600. Alipouliza katika ofisi ile, ambayo hatuitaji, karani alimjibu, "Kompyuta haikosei." Ikapita miezi mitatu.

Basi tukaketi naye tukafanya hesabu. Tofauti ni 1,800. Tukaigawa kwa 9, ikatoka 200, hakuna baki. Ndugu zetu, shikeni jambo hili. Mtu akigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti siku zote hugawanyika kwa 9. Si ushahidi, ni dalili. Tukatazama tena, na kumbe 64 imeandikwa 46. Kompyuta haikukosea, ilishika ilichopewa na kidole cha mtu.

Ziko dalili nyingine. Tofauti ikiwa sawa na ovataimu yako, huenda imeachwa. Ikiwa sawa na kato moja, huenda limeingizwa mara mbili.

Sisi watu wa reli twajua kwamba pointi ikikaa vibaya, mabehewa yote hufuata njia mbaya. Hatulaumu behewa la mwisho, twarudi nyuma mpaka kwenye pointi. Vivyo hivyo, anza na karatasi ya mshahara, rudi kwenye kadi ya saa, rudi kwenye barua. Pale ambapo hesabu mbili zaachana kwa mara ya kwanza, ndipo penye kosa.

Karani alipoonyeshwa barua alisahihisha, na mwezi wa nne mwenzetu akalipwa malimbikizo yake. Tukashangilia. Hapo sisi nasi tulikosea, maana kosa moja huzaa watoto. Kwa mshahara kama huo mfanyakazi hukatwa 6 kwa mia ya NSSF, na mwajiri huongeza 6 kwa mia. Badala ya 2,184 zilikuwa zimekwenda 2,076 kila upande. Zilipungua 216 kwa mwezi, yaani 648 kwa miezi mitatu. Mshahara ulipona, akiba ya uzeeni haikupona. Ilibidi turudi mara ya pili.

Kwa hiyo twaomba kila mmoja afanye haya:

1. Tunza kila karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakupa haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha malipo na makato.

2. Soma namba zako pia, ya kazi, ya NSSF na ya kodi. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zako zaweza kuandikwa kwa mtu mwingine.

3. Nenda kwa karani pamoja na mwakilishi wa chama, na hesabu mkononi. Usipige kelele. Karani naye ni mfanyakazi, na huandika majina mengi kwa siku.

4. Omba sahihisho lionekane katika karatasi ya mwezi ujao, nawe ulitazame, pamoja na makato yote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayejua hesabu amsomee asiyejua.

Umoja ni nguvu.