Tumwombee Pia Tiketi ya Kurudi

Mwezi wa Mei 2015, siku wanafunzi wa Harvard, Marekani, walipopokea diploma zao, Daktari Denis Mukwege naye alipewa pale diploma ya heshima. Sisi Wapentekoste tunapenda kukumbusha watu: ni mtoto wa mchungaji wetu wa Bukavu!

Lakini tuangalie njia yake. Alisomea uzazi na magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa. Angeweza kubaki. Mwaka 1989 akarudi Lemera, hospitali ya milimani. Mwaka 2012 watu wenye silaha wakamvamia nyumbani, akakimbia inchi pamoja na jamaa yake. Ndipo mama zetu wa Idjwi wakauza mananasi na vitunguu, wapate pesa ya tiketi yake ya kurudi. Januari 2013 akarudi.

Hapa Mpofi nasi tunauza shamba, tunauza mbuzi, mtoto aende kusoma. Kisha tunamwombea nini? Apate viza, apate kazi hukohuko, atutumie pesa. Musa naye alisoma Misri, na moyo wake ukawakumbuka ndugu zake (Matendo 7). Wazazi, jioni hii tukimtaja mtoto mbele za Mungu, tumwombee na tiketi ya kurudi, hata kama barabara yetu ingali matope.