Habari za Biashara na Mabadiliko ya Kila Siku



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuweka habari za biashara zitufae, wala zisitufunge mikono mambo yageukapo. Wengi wetu tuna maduka, na wauzaji wa programu za kompyuta hutujia wakiahidi kutuondolea taabu zote. Kabla hatujatoa fedha zetu, na tutazame waliyoyafanya wauza chai wa London.

J. Lyons and Company ilikuwa kampuni ya mikate, keki na chai, yenye maduka mengi ya chai katika Uingereza. Faida ya kikombe kimoja ilikuwa ndogo, na makarani wa kuhesabu vikombe hivyo walikuwa wengi. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1930, Bwana John Simmons na wenziwe walichungua kila kazi ya karani: huandikwa kwa nini, nani huisoma, na ikiachwa kitaharibika nini. Baada ya hayo ndipo walipotafuta mashine. Mwaka 1951 kompyuta yao, LEO, waliyoiunda wenyewe, ilianza kufanya hesabu za mikate kila juma.

Baadaye wakaipa kazi ya maagizo ya maduka. Keki haikai, na haja ya leo si ya kesho. Basi kila duka liliwekewa orodha ya kudumu kwa kila siku ya juma. Msimamizi wa duka alipigiwa simu, naye akataja mabadiliko tu. Karani alitoboa kadi huku akisikiliza, na LEO ikatoa orodha za vitu vya kupakiwa kwa kila duka.

Ndugu zangu, hapo pana mafunzo mawili. Kazi ilieleweka kwanza, mashine ikafuata. Tena mlango wa mabadiliko uliachwa wazi, na ufunguo akapewa yule anayewaona wanunuzi kwa macho yake.

Kwetu sisi, duka ambalo madeni yake yamo kichwani mwa mtu mmoja li hatarini siku akiugua. Lakini duka lililonunua programu lisiyoielewa nalo halina nafuu. Tuanze na maswali ya Bwana Simmons. Kisha tuijaribu programu kwa bidhaa chache, daftari la zamani likiendelea kando, mpaka hesabu mbili zilingane. Na muuzaji tumwulize mapema: nikifungua duka la pili, nani atairekebisha, na kwa gharama gani? Nikiiacha, je, nitaondoka na hesabu zangu? Asiyeweza kujibu hayo, tusimpe fedha zetu.