Fedha za Mgeni, Uamuzi wa Mwenyeji

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Kerenge, Wilaya ya Korogwe



Mtu akisimama Kerenge huiona milima ya Usambara, na chini yake nchi ya mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mtaji wa mashamba na wa reli ulitoka ng'ambo, na faida yake ikarudi huko huko. Mwenyeji hakuulizwa shamba likatwe wapi wala reli ielekee wapi. Alitakiwa kutoa ardhi na jasho. Historia hiyo imewaachia watu wa Korogwe na Handeni swali ambalo halijachakaa: fedha za mgeni zinapoingia nchini, nani anaamua?

Swali hilo ndilo lililoizaa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkataba wa kuianzisha ulipatikana Khartoum mwezi Agosti 1963, na mwaka 1966 benki ilianza kazi mjini Abidjan. Waasisi wake waliweka sharti lisilo na mzaha: wenye hisa wawe ni nchi huru za Afrika peke yake. Hawakufanya hivyo kwa chuki. Walijua kwamba anayeshika mfuko ndiye anayeshika usukani.

Tanzania haikuhitaji kusimuliwa jambo hilo, kwa maana iliyaona yenyewe katika mwaka mmoja wa 1965. Kwanza, Ujerumani ya Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya ubalozi mdogo mjini Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliona heri kuukosa msaada kuliko kuchaguliwa marafiki. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likatamka wazi kwamba taifa linaloweka matumaini yake katika misaada na mikopo linaweka uhuru wake rehani.

Lakini ukweli una upande wa pili, nao hapana budi usemwe. Barabara na mifereji havijengwi kwa maazimio matupu, na mifuko ya Waafrika wenyewe haikutosha. Mwaka 1972 benki iliunda, pamoja na nchi tajiri, Mfuko wa Maendeleo ya Afrika wa kutoa mikopo nafuu kwa nchi maskini. Japani ilijiunga na Mfuko huo mwaka 1973. Mwishoni mwa 1982 mlango wa benki yenyewe ulifunguliwa kwa nchi zisizo za Afrika, na mwaka uliofuata Japani ikaingia. Leo ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa kutoka nje ya bara. Hata hivyo mwenyeji hakutoka nyumbani mwake. Ilikubaliwa kwamba rais wa benki awe Mwafrika, makao makuu yawe Afrika, na wingi wa kura ubaki mikononi mwa Waafrika.

Ushirikiano wa Japani na benki hiyo ulichukua sura mpya mwaka 2005, ulipotangazwa mpango wa pamoja wa kusaidia uwekezaji na shughuli za uchumi barani. Utaratibu wake ni huu: benki na Japani hugharimia mradi mmoja bega kwa bega, kila upande ukiikopesha serikali kwa mkataba wake. Matunda yake yanaonekana. Barabara ya Arusha hadi Namanga na Athi River, inayounganisha Tanzania na Kenya, ilijengwa kwa fedha za pande hizo mbili. Kadhalika barabara ya Iringa, Dodoma na Babati.

Je, njia hii ni bora kuliko kukopa kwa taifa moja mkono kwa mkono? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mfadhili mmoja akikasirika, hukunja mkeka wake usiku mmoja, kama ilivyotokea mwaka 1965. Akiwa ndani ya benki yenye wenyeji wengi, hana budi kuwasikiliza.

Ila asije mtu akadhani kwamba benki ya Waafrika ni ngao isiyotoboka. Katikati ya miaka ya 1990 uongozi wa benki ulilegea na mikopo mingi ikawa hailipwi. Nchi wafadhili zilizuia michango yao kwa Mfuko, na nchi maskini zikakaa zikisubiri. Kabla ya miaka hiyo kumi kwisha, wageni walikuwa wamekubaliwa sehemu ya asilimia 40 ya hisa, kutoka theluthi moja ya awali. Hakuna jeshi lililowavamia Waafrika wakati huo. Walipoteza sehemu ya sauti yao kwa sababu ya vitabu vibovu vya hesabu.

Hapo ndipo jambo hili linapofika Kerenge. Mtumishi wa umma anayepokea simenti bila kuipima, au anayetia saini kazi ambayo hakuikagua, hadhuru kijiji chake tu. Anampa mgeni hoja ya kusema kwamba mwenyeji hawezi kuaminiwa na uamuzi. Mkopo nafuu nao ni deni. Ukikopwa kwa yen, shilingi ikishuka mzigo wake huongezeka. Mkopo wa miaka 40 uliotiwa saini mwaka 2010 utamalizika mwaka 2050. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule akiwa na miaka saba atakuwa na miaka 47, naye atakuwa angali akilipa kodi kwa ajili yake. Dawa ya deni ni kulipa, na anayelipa ana haki ya kujua alichokopewa.

Kwa hiyo mwalimu wa hesabu ana somo tayari: riba, muda wa kulipa, thamani ya fedha za kigeni. Mwalimu wa historia analo lake, kuanzia reli ya Korogwe hadi mkutano wa Khartoum. Na mtumishi wa umma ana wajibu wa kuwaeleza wananchi, katika mkutano wa kijiji na kwa lugha wanayoielewa, mradi unagharimu kiasi gani, fedha ni za nani, na zitarudishwa lini.

Japani haioni haya kutafuta faida yake, nayo haina kosa. Kila taifa hufanya hivyo. Kosa ni la mwenyeji asiyeijua faida yake mwenyewe. Zamani mwenyeji wa bonde hili hakuulizwa. Leo anaulizwa, na jibu lake litakuwa na uzito akiwa na vitabu safi mkononi.