Jumapili Yangu ni Lini?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika ibada ya asubuhi, siku ya mwisho ya mkutano wetu.)



Nimepewa dakika 10. Zamani kengele ya shule hii ilituamuru kulala, nasi tukanung'unika. Leo tungeilipia kengele ile. Jana mezani niliwasikiliza: huyu ana presha, huyu sukari, na mwingine hajachukua likizo kwa miaka mitatu, naye alilisema hilo kama mtu anayeonyesha nishani.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku za juma nilikuwa mwalimu mkuu, Jumapili mzee wa kanisa. Nyumbani tulikuwa na binti aliyetusaidia kazi. Jumapili moja nilitoka kanisani, ambako mimi mwenyewe nilisoma amri ya Sabato. Nikaketi, nikamwita alete chai. Akaileta, akaitua, akabaki amesimama. "Baba," akasema, "na mimi Jumapili yangu ni lini?" Hakuuliza kwa ujeuri, aliuliza kama mwanafunzi aulizavyo siku ya kufunga shule. Nikamwambia akaendelee na kazi. Mwezi uliofuata alituaga, na nafasi ya kumpa jibu lingine sikuipata tena.

Mimi nilikuwa nimesoma Kutoka 20, ambapo sababu ya kupumzika ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini amri ile imo pia katika Kumbukumbu la Torati 5, na huko sababu ni nyingine: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Watumishi wametajwa pote pawili, ila hapa inasisitizwa kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao. Hata ng'ombe na punda wanatajwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimempa pumziko punda nisiyekuwa naye, nikamnyima binti aliyekuwa jikoni kwangu.

Wako wanaosema Mkristo hana likizo, nao hutaja Marko 6. Mitume walikuwa wamechoka, hata kula hawakupata nafasi, Yesu akawaita kando wapumzike. Watu wakakimbia kwa miguu wakawatangulia, naye akawahurumia, akawafundisha. Ni kweli. Lakini someni mpaka mwisho. Baada ya kuwalisha wanaume 5,000, aliwapandisha wanafunzi chomboni, akaliaga kundi, akaenda mlimani peke yake kuomba. Pumziko lilicheleweshwa, halikufutwa.

Tena mtazameni yule Msamaria. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza nyumbani mwa wageni. Kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili (dinari moja, kwa Mathayo 20, ni ujira wa kibarua kwa siku), akaahidi kurudi, akashika safari yake. Hakuna anayemlaumu kwa kuondoka! Ninyi waganga, wauguzi na walimu mlio hapa, mnaodhani mkitoka kando ya kitanda dunia itasimama, huyu mwenye nyumba ya wageni aliwekwa katika mfano kwa ajili yenu.

Tangu mwaka ule, kila anayetusaidia nyumbani ana Jumapili yake nzima, na nauli juu yake. Chai ya siku hiyo naipika mimi. Mke wangu, aliyeketi pale nyuma, atawaeleza ladha yake.

Sasa, ndugu zangu, wapishi waliotulisha tangu Ijumaa wako jikoni hivi sasa, wakati sisi tunaimba. Nimekwisha kusema na Mwenyekiti. Chakula cha mchana wataketi nasi bwaloni, na vyombo tutaosha sisi, kwa zamu, tukianza na wazee. Mabeseni yako nyuma ya bwalo. Na wale waliokuwa wakikwepa zamu enzi zile, majina yao ninayo.